Shajara: kupima thamani ya Mercedes 280 SE 3.5 Cabriolet ya 1970 kabla Ami hajatoa hela

3 Februari. Tangazo

Ami yangu yuko Muscat, mimi niko huku Stuttgart kwenye ufundi wa magari, na yeye kaona tangazo la Mercedes 280 SE 3.5 Cabriolet ya 1970. Buluu iliyokoza, ngozi rangi ya maziwa, "imerudishwa upya yote", "gari ya Ujerumani tangu siku ya kwanza", kilomita 61,000, bei euro 320,000. Kaniletea sauti ya WhatsApp: "Mwanangu, nenda kaniangalilie, kama ni kweli nanunua, kama si kweli niambie mapema moyo usije ukashika." Nimekubali, na naandika hapa kila hatua ikiisha ili mwengine akipewa kazi kama hii asianzie sifuri.

Kwa asiyeijua gari yenyewe: bodi hii ilianza 1961 na 220 SE, mchoro wa Paul Bracq, ikaenda na injini tofauti tofauti mpaka 1971. Ile ya V8 (injini ya silinda nane) ya lita 3.5 ndo ya mwisho, ilitengenezwa 1969 mpaka 1971, na zenye paa la kukunja (kabrioleti) zilitoka 1,232 tu, za paa la chuma (kupe) 3,270. Sasa hapo ndo tatizo linapoanzia, kwasababu kupe inauzwa bei ya chini sana ukilinganisha na ya paa la kukunja, kwahiyo wako watu wamechukua kupe wakaikata paa, na wengine wamechukua kabrioleti ya silinda sita wakaitia V8, afu rangi nzuri, ngozi mpya, na kwa macho ya kawaida hutofautishi hata kidogo.

Mpangilio wangu basi: kwanza utambulisho, pili chuma, tatu injini, na vinavyong'aa mwisho kabisa. Watu wengi wanaanza na vinavyong'aa na hapo ndo hela inapopotelea.

8 Februari. Namba

Muuzaji kanitumia picha ya kibao cha namba: 111.027-12 halafu namba ya gari yenyewe. Kusoma kwake ni hivi, 111.027 ni 3.5 kabrioleti (kupe yake ni 111.026, kabrioleti ya silinda sita 280 SE ni 111.025), ile 1 ni usukani wa kushoto, 2 ni giaboksi otomatiki. Safi. Ila kibao ni kipande cha bati kimefungwa kwa riveti, na riveti mtu yeyote anaweza kutoboa akafunga kibao kingine, kwahiyo kibao peke yake mi sikihesabu. Ninachokihesabu ni namba iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi upande wa kulia mbele.

Nikaenda. Namba haionekani, imefunikwa na ile lami nyeusi ya kuzuia kutu, nene kweli. Nilijaribu tochi ya pembeni, nikajaribu kupaka chaki nisugue kwa kitambaa namba ijitokeze, wapi, hakuna kitu. Mwenye gari hakutaka nikwangue, na mi namuelewa, gari si yangu. Tukakaa tukakubaliana kwa maandishi: kipande cha upana wa kiganja tu, bila chuma wala msasa, na nikimaliza nakipaka upya kwa gharama yangu. Nikatumia mashine ya hewa ya moto kwa joto la chini na kijiko cha plastiki, lami ikalainika ikatoka kama gamba, namba ikaonekana. Nafasi kati ya tarakimu ziko sawa, kina cha kugongwa kiko sawa, chuma cha pembeni hakina alama ya kuchomelewa. Hiyo ya mwisho ndo muhimu kuliko zote, maana anaeghushi mara nyingi hukata kipande chote chenye namba akakihamisha, na utaona mstari wa kuchomelea ukizunguka.

Pia angalia namba ya bodi. Ina kibao kidogo chake pale mbele karibu na radieta, na tarakimu zake za mwisho unazikuta kwenye fremu ya paa. Hapa zimelingana, yani hii paa imezaliwa na bodi hii. Nilifurahi sana, sikuficha, nikampigia Ami palepale.

Gharama: mafuta ya gari na rangi ya kuzuia kutu, haifiki euro 80.

19 Februari. Karatasi ya data

Kila Mercedes ya wakati ule ilikuwa na karatasi ya data kiwandani: namba ya chasisi, injini, giaboksi, bodi, rangi, ngozi, na vifaa vyote kwa kodi, yani namba fupi za utambulisho za tarakimu tatu. Muuzaji alikuwa na nakala ya nakala, imefifia, na kona moja ya kodi imekatika. Sikuridhika nayo. Nikamwomba aombe mpya kwa Mercedes-Benz Classic maana mwenye gari ndo anaeweza kuthibitisha umiliki, mi nikalipa ada, euro mia na kitu. Kama kuna sehemu moja ya kutumia hela kwenye kazi hii basi ni hii.

Ilipokuja, chasisi sawa, injini sawa (inaanza na 116.980, ndo V8 yenyewe, na namba ya kwenye bloku ni ileile). Giaboksi si yake, ishabadilishwa. Rangi ya kiwandani ilikuwa 906, kijivu cha buluu cha metaliki, leo iko kwenye 904, buluu ya usiku wa manane. Lakini kilichonisimamisha ni ile kona iliyokuwa imekatika kwenye nakala ya zamani. Kodi 491: gari ya Marekani. Na 461: mita za dashibodi kwa Kiingereza.

Kwahiyo gari hii haikuwa ya Ujerumani tangu siku ya kwanza. Ilizaliwa kiwandani Sindelfingen huku Ujerumani ikapelekwa Marekani, ikarudi baadae. Si aibu, nyingi ziliuzwa kule na nyengine zimekaa maeneo makavu chuma kikabaki kizuri kuliko za huku kwenye chumvi ya barabarani. Ila inabadilisha mambo mawili. La kwanza ni bei, wanunuzi wa huku wanalipa zaidi kwa gari iliyouzwa huku mara ya kwanza. La pili ni kilomita: gari ya Marekani ilikuwa na spidomita ya maili, hii ya sasa inasoma kilomita, maana yake spidomita imebadilishwa na zile 61,000 hazisemi chochote kuhusu umri wa injini. Nimezifuta kabisa kwenye hesabu yangu.

Na taa. Za Marekani mbele zilikuwa na taa za mviringo zilizopangwa moja juu ya nyengine, za Ulaya ni kioo kimoja kikubwa. Hii ina za Ulaya, kwahiyo zimebadilishwa nazo, vizuri tu, sina lawama.

Nikamuonesha muuzaji karatasi. Alinyamaza kidogo afu akasema na yeye alinunua hivyo hivyo kwa maneno hayo hayo. Namuamini. Ila maneno ya tangazo yabadilike na bei nayo ibadilike.

2 Machi. Chuma, siku ndefu

Hii sehemu naiandika kwa urefu kwasababu ndo nusu ya thamani.

Mashine ya kupima unene wa rangi: rangi ya kiwandani huwa kama maikroni 100 mpaka 150, gari iliyopakwa upya vizuri inaweza kwenda 300 hivi. Nilizunguka bodi yote kwa kupima kila upana wa kiganja nikaandika kwenye karatasi yenye mchoro wa gari. Milango 240 mpaka 290, bonet 260, buti 250, kazi nzuri ya rangi, fundi alikuwa na mkono. Kisha kwenye fenda za mbele na za nyuma, pande zote mbili, sehemu zilezile kulia na kushoto, kiduara kidogo kinaruka mpaka 900 na zaidi halafu kinashuka tena. Unene huo ni puti, ile ya kujazia mashimo chini ya rangi, na ukiona iko sawasawa kulia na kushoto ujue si ajali. Ni tundu za zile taa za pembeni walizokuwa wanadai Marekani, zimezibwa. Nikaingiza kioo na tochi ndani ya fenda, kweli, alama za kuchomelea zipo. Kwahiyo bodi yenyewe imethibitisha karatasi.

Ila chini ya mlango wa kushoto, kwa upande wa nyuma, mashine ikasoma 1,400 kwa urefu wa zaidi ya futi. Hapo hakuna taa. Hapo kuna kitu.

Gari isiyo na paa la chuma inabebwa na sakafu na vizingiti, yale maboksi ya chuma yanayopita chini ya milango. Kiwanda kiliongeza chuma chini kwa ajili hiyo. Kizingiti kikioza gari inapinda katikati, na hakuna rangi duniani itakayoizuia. Nikataka kuingiza kamera ya mrija kupitia tundu za kutolea maji, haikupita, zimezibwa na nta ya kuzuia kutu iliyomwagwa nyingi mno. Nikajaribu kupasha nta joto, ikayeyuka ikarudi kufunika lensi. Mwisho nikatoa kile kipande cha alumini cha kukanyagia mlangoni, chini yake kuna vizibo vya mpira, nikapita hapo. Kulia: chuma kipya, mstari wa kuchomelea umenyooka, safi. Kushoto: bamba jipya limewekwa juu ya la zamani, la zamani bado lipo ndani, lina kutu ya magamba, na nta imemwagwa juu yake. Yani fundi bodi alifanya kulia kwa haki, kushoto akafunika.

Kuhakikisha nikafanya kipimo cha mlango. Gari ikiwa chini kwenye magurudumu, pima nafasi ya juu kati ya mlango na fenda ya nyuma kwa zile bamba nyembamba za kupimia. Halafu inua kwa lifti, kwenye pointi za jeki, magurudumu yaning'inie, pima tena palepale. Kulia 4.5 milimita ikabaki 4.5. Kushoto 4.5 ikawa 3.2. Na mlango wa kushoto ukiwa juu haufungi kwa sauti ileile, unagonga kufuli kwanza ndo unaingia. Ukiwa huna mashine yoyote fanya hiki kipimo peke yake, hakiongopi na hakigharimu kitu zaidi ya kukodi lifti saa moja.

Mwenye gari alikuwepo, nikampa kamera aangalie mwenyewe. Alionekana kaumia kweli, maana anayo faili ya risiti za matengenezo inayofika euro 185,000. Nikaipitia faili yote jioni ile. Risiti za rangi zipo, za ngozi zipo, za nikeli zipo, picha za bodi ikiwa tupu kabla ya rangi ziko za upande wa kulia tu. Ukiagiza gari yako itengenezwe, dai picha za chuma kitupu pande zote, kila wiki, kabla hujalipa awamu inayofuata. Hizo picha zina thamani wakati wa kuuza kuliko risiti ya ngozi.

Gharama: lifti euro 60, kamera ilikuwa yangu.

9 Machi. Injini

Inawaka, ikiwa baridi nzuri, ikipata moto mzunguko unapanda na kushuka kama inatafuta pumzi. Hii ina Bosch D-Jetronic, sindano ya petroli inayoendeshwa na boksi la umeme na kihisi cha presha ya hewa kwenye manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda). Watu wengi wanaiogopa wanaanza kubadilisha kihisi, na kihisi ni ghali, na mara nyingi si kosa lake.

Nilipima presha ya petroli kwanza. Inatakiwa iwe karibu na bari 2, hii ilikuwa 2.4. Maana yake mtu aliongeza presha kuficha kitu. Nikairudisha 2.1, injini ikawa mbaya zaidi, ndo nilichotaka kuona, sasa ugonjwa uko wazi. Nikatafuta hewa inayopenya kwa kupulizia, sikupata. Nikarudia kwa mashine ya moshi ya gereji ya rafiki, moshi ukatoka kwenye mipira ya sindano, mitatu imekauka imepasuka. Kubadilisha mipira yote nane na kuweka presha sawa, mzunguko ukatulia kabisa. Vipuri euro 45. Mwenye gari aliruhusu na alishukuru, na gari imepanda thamani kwa kazi ya mchana mmoja.

Ila nilipokuwa pale nimeona nyaya za sindano. Ni zile zile za zamani, plastiki imekuwa ngumu, ukiikunja inakatika, na kuna utepe mweusi sehemu kadhaa. Seti ya nyaya mpya na kazi yake niliiwekea euro 3,500. Kompresheni ya silinda zote zimekaribiana, oili safi, giaboksi inabadilisha vizuri japo si yake.

10 Machi. Paa, ngozi, mbao, nikeli

Fupi. Ngozi nzuri mno, mishono imenyooka. Mbao za dashibodi zimepakwa vanishi upya na kipande kimoja hakina namba kwa nyuma, kimetoka gari nyengine, rangi ya mshipa wake ni nyekundu kidogo ukiangalia juani. Bampa safi. Paa kitambaa kipya ila pamba ya ndani haikubadilishwa, imekaa mabonde, ukifunga unaona fito zinajichora kwa nje. Paa la gari hizi ni nene, lina tabaka, na ikifungwa vizuri inatakiwa iwe na mgongo laini. Nimeweka euro 5,000.

16 Machi. Hesabu

Kwanza bei ya kuanzia. Bei za matangazo ni matumaini ya wauzaji, usizichukue. Nimetafuta zilizouzwa kweli kwenye minada mikubwa, na kila moja nikaangalia kama bei imeandikwa pamoja na kamisheni ya mnunuzi au bila, maana tofauti yake kwa gari kama hii ni makumi ya maelfu na watu wanachanganya kila siku. Nikaondoa kamisheni zote. Huku magari ya zamani yanapewa daraja 1 mpaka 5, 1 ni kamili, 5 ni mzoga wa kutengeneza. Muuzaji anasema 1. Kwa paa, nyaya na mbao hii ni 2, na kizingiti cha kushoto kinaishusha kwenye 3 mpaka kitengenezwe. Kwa daraja la 2, karatasi kamili, namba zote zake, mi nimeweka 285,000.

Kisha nikatoa. Kizingiti cha kushoto na rangi ya upande ule baada ya kuchomelea, 30,000, nimeiweka juu kwasababu hatujui kutu imekwenda wapi mpaka ifunguliwe. Nyaya 3,500. Paa 5,000. Giaboksi si yake, 5,000. Gari ya Marekani, 10,000. Rangi iliyobadilishwa nimetoa 6,000 tu, maana 904 ni rangi halali ya Mercedes ya enzi zile na inampendeza mnunuzi, ingekuwa nyekundu ya kisasa ningetoa nyingi zaidi. Kilomita sikutoa kitu, kwenye bei ya kuanzia sikuzihesabu, ukizitoa tena unamuonea muuzaji.

Inabaki 225,500.

Muuzaji alipoona akaniletea tena ile faili ya 185,000. Nilimueleza kwa heshima kabisa: anaenunua halipii ulichotumia, analipia kilichopo kwenye chuma leo. Risiti inasaidia kuonesha kazi ilifanyika, na hapa faili yake inaonesha pia ni wapi haikufanyika. Akashusha mpaka 275,000 akasema hapo basi.

Ami nae akaanza kulainika, sauti yake: "Mwanangu, lakini si namba zake ni za kweli? Mimi naitaka ya kutembelea jioni pale Qurum, sishindani na mtu." Nikamjibu Ami, ni za kweli na ndo maana sijakwambia uiache. Ila Muscat ni mji wa bahari, unyevu wake unaujua mwenyewe, ile kutu haitolala. Lazima kizingiti kifunguliwe kabla gari haijapanda meli.

6 Aprili. Kufungua

Baada ya kwenda na kurudi tumekubaliana hivi: gari ipelekwe gereji ya tatu isiyo ya kwangu wala ya aliyeitengeneza, kizingiti cha kushoto kifunguliwe, gharama ya kufungua nusu kwa nusu, euro 900 kila mmoja. Kikiwa kibovu bei ni 228,000 na Ami anatengeneza, kikiwa kizima ndani bei ni 255,000. Yote kwa maandishi.

Kimefunguliwa jana. Bamba la nje la zamani limeisha, la katikati limeliwa kwa urefu wa mkono, la ndani zima kabisa, sakafu nzima, pointi ya jeki ya nyuma inataka kubadilishwa. Afadhali kuliko nilivyoogopa, ila ni kibovu, na muuzaji akasaini 228,000 bila neno. Mtu muungwana.

Makadirio ya gereji kumaliza na kupaka rangi ubavu ule ni euro 24,000. Nimewaambia kabla hawajakata zaidi wachomelee fito za chuma kwenye uwazi wa milango, pande zote mbili, na gari ikae kwenye stendi nne zilizopimwa usawa. Ukikata kizingiti cha gari isiyo na paa bila fito, bodi inashuka milimita chache na milango haitokaa sawa tena. Picha za chuma kitupu nitapiga mwenyewe, kila hatua, ziingie kwenye faili pamoja na karatasi ya data mpya.

Matumizi ya kukagua mpaka leo, pamoja na nusu ya kufungua: karibu euro 1,300. Bei imeshuka 92,000 kutoka kwenye tangazo. Kipimo cha mlango nitakirudia kazi ikiisha, kushoto ikibaki 4.5 juu ya lifti ndo gari itakwenda bandari ya Bremerhaven kupakiwa kwenda Sohar, Oman.